Cheni Iliyokazwa kwa Sifa

Mwanamume akitaka kujua kama cheni ya pikipiki yake iko sawa, jambo la kwanza analofanya ni kumuuliza mwanamume mwenzake. La pili ni kulikubali jibu lolote atakalopewa, mradi limetolewa kwa sauti nzito. Nimeishi na watu hawa miaka arobaini na mmoja, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa nyuma ya pazia la karakana ya mume wangu hapa Taizi, chini kabisa ya barabara ipandayo mlima Sabir, na sijamwona hata mmoja aliyepiga goti kwanza akaitazama cheni yenyewe.

Mume wangu aliitwa Muqbil. Mungu amrehemu, alikuwa hodari wa mazungumzo. Wateja walimletea pikipiki mlangoni, yeye akazipokea, akasikiliza malalamiko, akakunja uso kama daktari, kisha akazisukuma ndani kwangu. Mimi ndiye niliyefungua, nikasafisha kwa mafuta ya taa, nikakaza. Yeye alirudi kibarazani, shavu limejaa mirungi, akawaeleza watu jinsi kazi ya leo ilivyo ngumu. Mtaa mzima uliusifu mkono wa Muqbil. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha, nami nilimpita kabla mwaka haujaisha, naye akalijua hilo na hakunichukia. Hilo moja nampa.

Homa ya dengi ilimchukua kwa siku sita. Nilipomaliza eda nilishusha lile pazia, nikalichana kuwa matambara ya kufutia grisi, nikakaa kizingitini na spana mkononi. Sisi wanawake wa Sabir tumezoea soko. Mama zetu walishuka mjini alfajiri na mafurushi ya mirungi na vikapu vya pichi, wakabishana na wanaume uso kwa uso, na hakuna aliyekufa. Nilidhani spana haitofautiani sana na mzani.

Wa kwanza kuja alikuwa Qaid, mtu mzima, mwenye pikipiki ya abiria na watoto wanane. Alichungulia ndani juu ya bega langu.

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko makaburini, Qaid. Ulimzika mwenyewe. Unataka nini?"

"Aa... breki ya nyuma, Mama Nashwan. Inalia."

"Ingiza."

"Nitarudi."

Alivuka barabara papo hapo, bila hata aibu ya kuzunguka kwanza, akaingia kwa Shawki.

Huyu Shawki alikuwa amerudi kutoka ng'ambo ya mpaka baada ya miaka minane. Alirudi na ovaroli ya bluu yenye nembo ya kiwanda cha majokofu, miwani ya jua, na neno "Mhandisi" mbele ya jina lake. Nilimuuliza mama yake alichokuwa akifanya huko. Mama yake ni mwanamke mkweli, akaniambia alikuwa akibeba milango ya majokofu kutoka chumba kimoja hadi kingine. Basi alikodi duka mkabala na langu, akatundika kibao kikubwa, akaweka stendi ya chuma ya kuinulia pikipiki na spika ya muziki. Wanaume wakajaa kama nzi kwenye tende.

Kilichompa jina zaidi ni cheni. Cheni nzuri ya pikipiki ina mchezo kidogo. Ukiishika katikati ya sehemu ya chini, kati ya gia ya mbele na gia ya gurudumu, ukaisukuma juu na chini, inapaswa isogee kiasi cha upana wa vidole viwili. Lakini wanaume wetu wanaona kitu kinachocheza ni kitu cha maskini. Cheni ikipiga-piga kidogo barabarani wanaona haya, kana kwamba kikoi kimewaanguka. Shawki aliwaelewa. Alizikaza cheni zao mpaka mwisho, kisha akaidonoa moja kwa ukucha ikalia *tinn*.

"Sikia hiyo!" alisema. "Kamba ya udi! Hapo pikipiki inaitika."

Nao wakatikisa vichwa, wazee wazima wenye ndevu, wakisikiliza cheni kama wanasikiliza kinanda cha udi harusini.

Mimi nilibaki na wanawake wenzangu, na cherehani zao na jenereta ndogo za nyumbani. Mteja mmoja tu wa pikipiki alibaki nami: shemeji yangu Jazim, mdogo wake Muqbil. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kijana mpole mwenye mikono mikubwa na akili ya kukopa. Alikuwa akiwapandisha na kuwashusha wauzaji wa Sabir, pamoja na mizigo yao. Kila Jumatano aliniletea pikipiki nimwangalizie cheni, kwa sababu barabara ya mlima na uzito ule huila cheni haraka. Halafu Jumatano moja hakuja. Jumatano iliyofuata nilimwona ng'ambo, amechuchumaa pembeni ya stendi ya Shawki, anacheka jambo ambalo nina hakika hakulielewa.

Jioni alipoleta maziwa kutoka kwa mama yake nilimuuliza.

"Shemeji, usikasirike," alisema akiangalia viatu vyake. "Watu wanasema."

"Watu wanasema nini?"

"Kwamba... si vizuri. Mjane wa kaka yangu apige magoti kwenye tairi langu. Wanasema mimi mwanamume gani."

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Sikujibu."

"Ungejibu nini, kweli. Miaka minne uliyokuwa ukimletea kaka yako hiyo pikipiki, unadhani nani alikuwa akipiga magoti? Kaka yako? Goti la kaka yako lilikuwa linajua godoro tu."

Aliweka chupa ya maziwa chini taratibu, akaondoka. Nikamwita kwa jina, naye akasimama, lakini sikumwambia kitu kingine. Nilikuwa nimekwisha furahia nilichosema.

Nataka mwelewe jinsi nilivyokuwa siku zile. Nilikuwa nakaa kizingitini, nasikiliza pikipiki zinapita, na kwa mlio tu nilijua ipi imetoka kwa Mhandisi. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huimba mlio mwembamba wa kukereketa. Nilihesabu. Siku moja nilihesabu thelathini na moja kabla ya adhuhuri. Na kila moja ilinipa raha, Mungu anisamehe. Nilijiambia: acha ziimbe. Siku beringi zitakapoanza kufa, watavuka barabara wakiwa wameinamisha vichwa, nami nitawafanya wasubiri.

Ilikuwa Alhamisi, jua limesimama juu ya kichwa. Jazim alikuja akitokea sokoni na abiria wawili. Nyuma yake alikaa mwalimu mmoja mwembamba wa shule ya kijijini, na nyuma ya mwalimu, upande upande, shangazi yangu Taqiya na mfuko wa unga mapajani. Shangazi Taqiya ni dada wa baba yangu. Ameuza mirungi miaka hamsini, ana ulimi kuliko mimi, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Alimgonga Jazim begani asimame mbele ya duka langu.

"Hujambo, binti? Umekula?"

"Nimekula fatuti, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo Ijumaa kwangu, nina jibini ya moshi."

Huku tunazungumza, macho yangu yalishuka yenyewe, kama yanavyoshuka siku zote. Watu watatu na unga. Nyuma ya pikipiki ilikuwa imelala chini, shokapu zimekaa kabisa, na cheni ya chini ilikuwa imenyooka kama uzi wa mwashi. Haikuwa na hata unywele wa mchezo. Kisha nikanusa. Breki ya nyuma ilikuwa inanuka moto, na pikipiki ndiyo kwanza imetoka sokoni, hata mlima haijauanza. Nikajua mara moja: Shawki amevuta gurudumu nyuma kukaza cheni, na hakukumbuka kuirudishia breki nafasi yake. Gurudumu likivutwa nyuma, fimbo ya breki nayo huvutika. Breki inabaki imeshika kidogo wakati wote, inajipika yenyewe.

Nililiona lote hilo kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili. Ng'ambo, Shawki na wenzake watano au sita walikuwa wamesimama wanatutazama. Nikafungua kinywa.

"Shangazi, kaa vizuri," nilisema kwa sauti ya kufika ng'ambo. "Shemeji yangu ameacha kazi ya abiria. Sasa ni mpiga udi. Akifika kona ya tatu atawapigia kitu."

Wale wa ng'ambo walicheka, mmoja akapiga makofi. Shawki mwenyewe alivua miwani. Jazim akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mna nini nyie?" shangazi aliuliza.

"Hakuna kitu, bibi," Jazim akasema, akatia gia, akaondoka kwa hasira, cheni ikikereketa barabara nzima mpaka ikapotea kwenye kona ya kwanza.

Neno lilikuwa "shuka". Shangazi, shuka. Ningelisema, angeshuka, kwa sababu lingetoka kwangu. Badala yake nilirudi kwenye cherehani ya watu nikiwa nimeridhika, namrudia moyoni yule mpiga udi wangu, namwona ni mzaha mzuri sana.

Haikupita nusu saa Qaid akashuka mlimani mbio, akapita duka la Shawki bila kusimama, akaja kwangu.

"Mama Nashwan! Jazim ameanguka. Kona ya tatu."

"Kona ya ngapi?"

"Ya tatu, ya tatu! Panda!"

Nilipanda nyuma yake. Cheni yake nayo ilikuwa inaimba. Sikumwambia.

Ilivyotokea, alivyokuja kunieleza mwalimu, ni hivi. Kwenye kona ya tatu barabara ni kali na ina shimo. Tairi la nyuma liliingia shimoni, pikipiki ikajikalia kwa uzito wake wote, cheni ikakatika kwa mlio kama wa risasi. Injini ikanguruma bure. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Jazim akakanyaga breki ya nyuma, lakini ilikuwa imekwisha pikika, ikateleza. Akabana ya mbele, na tairi la mbele, halina uzito wowote juu yake, likajiburuta tu. Mwalimu aliruka, akachunika viganja. Shangazi Taqiya hakuweza kuruka, ana miaka sitini na tisa na alikuwa ameukumbatia unga. Waligonga ukuta wa mtaro.

Nilipofika, barabara ilikuwa nyeupe kwa unga. Jazim alikuwa amekaa chini, kifundo cha mguu kimegeukia upande usio wake, analia bila sauti. Shangazi alikuwa amelala ubavu chini ya ukuta, na wanawake wawili wa kijiji wameshika kichwa chake.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimekuja kusema ukweli. Nilimpita. Kabla sijainama kwa shangazi yangu niliiona cheni imelala barabarani kama ngozi ya nyoka, nikaenda nikaiokota, nikatazama ilipokatikia. Ilikuwa kama nilivyojua. Viungo vimevutika, pini zimelika upande mmoja. Nikasema, "Naam." Nilisema kwa sauti. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amefungua macho, ananitazama na ile cheni mkononi.

Walimpeleka hospitalini kwa gari la maji, pamoja na Jazim. Shangazi alikuwa amevunjika mfupa wa nyonga. Mimi nilitakiwa nipande nao, lakini nilisema nitakuja. Nilishuka kwa miguu na cheni begani, hasira imenijaa hadi kwenye meno, na niliona hasira ile ni ya haki.

Kwa Shawki walikuwa wamekwisha kusanyika, saa ya mirungi, mashavu yanaanza kuvimba. Habari ilikuwa imewafikia. Yeye alikuwa akihutubia.

"Cheni za siku hizi ni bandia," alikuwa akisema. "Na watu watatu! Na unga! Mimi nilimkazia Jazim kazi safi. Kilichobaki ni kudura ya Mungu."

"Mungu hana spana," nilisema.

Waligeuka wote. Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia pale.

"Dada yangu, pole kwa yaliyowapata," Shawki alisema, sauti nzito. "Lakini hili ni suala la kiufundi."

"Vizuri. Nifundishe. Qaid, leta pikipiki yako. Weka hapo."

Qaid, aliyekuwa ameshuka kabla yangu, alimtazama Shawki, akanitazama mimi na ile cheni begani, akaileta.

"Mhandisi, umeikaza hii lini?"

"Jana."

"Haya, weka kidole. Hapo chini, katikati. Sukuma juu. Inasogea?"

Alisukuma. Haikusogea. "Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Imara."

"Sawa. Qaid, kaa. Wewe mwenye kilemba, kaa nyuma yake. Na wewe mnene, ndiyo wewe, usijifanye husikii, panda."

Walipanda watatu, wanaona haya kama watoto waliotahiriwa. Nyuma ya pikipiki ikashuka, na mle chini cheni ikatoa mlio. Haikudonolewa na mtu. Ilijililia yenyewe.

"Kwa nini imelia?" nilimuuliza.

"Uzito."

"Uzito umefanya nini?"

Akavaa miwani.

"Mhandisi, unavaa miwani ndani ya duka. Gurudumu hili limeshikwa na mkono wa chuma. Mkono huu umefungwa hapa, nyuma ya gia ya mbele. Watu wakikaa, mkono unapanda. Ukipanda, gurudumu linakuwa mbali zaidi na gia ya mbele. Cheni inatakiwa irefuke. Chuma hakirefuki, kwa hiyo inakula kile ulichoibakizia. Usipoibakizia kitu, inakula beringi. Ikimaliza beringi inakula ekseli ya gia. Au inakatika. Na ikikatika vibaya inajisokota mbele, gurudumu la nyuma linakwama, mtu anaruka kichwa mbele. Nyie wote mnaendesha hivyo. Mnawabeba mama zenu hivyo. Na mlilipia."

Hakuna aliyecheka. Nikawashusha wale watatu, nikapiga goti pale pale kwenye sakafu ya Shawki, nikatumia spana za Shawki. Nilichomoa pini, nikalegeza nati ya ekseli, nikarudisha bolti za kurekebishia nyuma, kushoto na kulia kwa mizunguko ileile, nikasukuma gurudumu mbele. Nikawaonyesha alama zilizochorwa pande zote mbili, kwamba lazima zilingane, la sivyo gurudumu linakwenda upande kama ngamia mwenye jicho moja. Nikalizungusha gurudumu polepole na kidole changu juu ya cheni, kwa kuwa cheni kuukuu hailiki sawasawa, na pale inapobana zaidi ndipo unapopima. Vidole viwili. Nikakaza nati, nikapima tena, maana nati ikikazwa gurudumu husogea kidogo, na mvivu hapimi mara ya pili. Nikarudisha pini. Mwisho nikalegeza breki ya nyuma, nikazungusha gurudumu likaenda huru, nikakanyaga, likashika.

Nilipoinuka nilijifuta mikono kwenye ovaroli ya bluu iliyotundikwa ukutani. Mwenyewe ananitazama. Niwaambieni, katika maisha yangu sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda hospitalini nikiwa na mchuzi na mkate, na hadithi yangu nzima tayari mdomoni. Shangazi alikuwa amelazwa, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha. Aliniacha nikae, nikaanza kumsimulia jinsi nilivyomvua nguo Mhandisi mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye ovaroli.

"Uliiona?" akauliza.

"Nini, shangazi?"

"Cheni. Nilipokuwa juu yake, nakukaribisha jibini. Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukajua."

"Nilijua." Nilitafuta mahali pa kuyaweka macho. "Nilidhani Jazim ataelewa. Nilimwambia. Kile kitu cha udi..."

"Jazim? Tangu lini Jazim anaelewa fumbo? Ukimwambia mtoto huyo mvua inanyesha anakuuliza wapi." Alivuta pumzi, maumivu yakampita usoni. "Wewe ulikuwa na neno moja la kusema, ukachagua lile la kuchekesha. Ukawachekesha wale wapumbavu ng'ambo. Mimi nikiwa juu."

"Shangazi..."

"Na kule juu uliokota chuma kwanza. Niliona. Weka mchuzi hapo, nenda."

Nilikaa nje kwenye ngazi za hospitali mpaka adhana. Nilijaribu kumchukia Shawki, kwa sababu nilikuwa nimezoea na ilikuwa njia rahisi, lakini haikwenda mbali. Shawki hakujua. Ni mjinga, na mjinga ana udhuru wa ujinga wake. Mimi udhuru wangu ulikuwa nini?

Msidhani nilitoka pale nikiwa mtu mpya mwenye upole. Wiki iliyofuata pikipiki zilianza kuja kwangu, foleni mpaka kwa muuza mkaa, na niliwadharau kuliko zamani. Kwa sababu mnajua walikuwa wamefanya nini? Wamesikia "Mama Nashwan anasema legeza," wakaenda nyumbani wakalegeza wenyewe, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake kwa ulegevu. Walikuja na cheni zimening'inia kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, wanajisifu! Mmoja, yule mnene, cheni yake ilichomoka kwenye meno ya gia pale pale anapopunguza mwendo mbele ya duka langu.

"Nimeilegeza vizuri, Mama Nashwan," aliniambia, amekaa chini barabarani.

"Nimeona. Imelegea mpaka imekuaga. Njoo hapa. Piga goti."

"Mimi?"

"Kwani mwenye pikipiki ni nani? Goti. Toa mkono. Vidole viwili, si kimoja, si vinne. Sukuma. Umesikia inapogomea? Rudia."

Tangu siku ile sikumgusia mtu cheni asiyepiga goti mwenyewe. Walinung'unika. Nilimwambia kila mmoja kwa maneno ya mtoto wa miaka mitano, na nilirudia mara tatu, bila fumbo, hata nilipokuwa naona kwenye macho yake kwamba hakuna mtu ndani. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi yoyote ya spana. Ulimi wangu ulikuwa unawasha.

Na nusu yao bado walikwenda kwa Shawki, kwa kuwa kwake kuna muziki na kwangu kuna matusi. Niliwaona. Nilikaa siku mbili nikisikiliza zikitoka pale, nyingine zinaimba, nyingine zinapiga-piga, maana naye alikuwa amechanganyikiwa, hajui tena akaze au alegeze. Siku ya tatu, asubuhi kabla hajafungua spika, nilivuka barabara.

"Umekuja kufuta mikono?" aliniuliza.

"Nimekuja upige goti."

"Sipigi goti mbele ya mwanamke."

"Basi chuchumaa. Shawki, mimi nakuona wewe ni mtu bure kabisa. Huo ndio ukweli wangu na sitaubadilisha. Lakini watu wanakuja kwako na wataendelea kuja, kwa sababu ni wapumbavu, na mimi siwezi kusimama mlangoni kwako siku nzima. Shangazi yangu amelala na mfupa umevunjika. Chuchumaa."

Aliangalia barabara huku na huku kuona kama hakuna mtu. Akachuchumaa. Ilichukua asubuhi nne. Asubuhi ya pili aliniita mchawi, mimi nikamwita mlango wa jokofu. Ya nne aliiweka cheni sawa, akaipima mara mbili, akarudisha breki bila kukumbushwa. Nilitafuta kosa, sikuliona. Nilimwambia, "Imefaa," kisha nikarudi kwangu haraka.

Sasa anawaambia wateja kwamba alijifunza hayo ng'ambo. Anasema, "Vidole viwili, ndivyo tulivyokuwa tukifanya kiwandani." Nasikia kila neno kutoka kizingitini kwangu, na siku hizo naikaza nati iliyo mkononi kuliko inavyohitaji, halafu inabidi niilegeze tena.

Shangazi Taqiya alirudi sokoni baada ya miezi minne, na fimbo. Hapandi pikipiki nyingine ila ya Jazim, na Jazim, tangu mguu wake upone, hupita kwangu kila Jumatano, wakati mwingine na Jumapili. Shangazi hashuki. Anabaki amekaa juu, uzito wake wote na mzigo wake, huku mimi na Jazim tumepiga magoti pande mbili za gurudumu. Jazim anapima kwanza, mimi napima baada yake. Shangazi hanikaribishi jibini. Hajaniambia neno la salamu tangu hospitalini, na sijamwomba. Anauliza jambo moja tu, akitazama mbele barabarani.

"Nishuke au nisishuke?"

"Usishuke, shangazi," namjibu, na ninamwambia vilevile kwa nini, sehemu kwa sehemu, mpaka anapompiga Jazim begani waondoke.